Si kila mimbari ilisimama: wachungaji na haki za Weusi Marekani

Alasiri ya tarehe 5 Desemba 1955, siku ya kwanza ya kususia mabasi mjini Montgomery, Alabama, wachungaji Weusi walikaa chemba wakitafuta namna ya kuendesha mgomo bila wazungu kujua nani yumo. E. D. Nixon, mhudumu wa mabehewa ya treni na mwanaharakati wa siku nyingi, hakuvumilia. Aliwaambia kwamba maisha yao yote wamekula jasho la wanawake wafua nguo, na leo wanawake hao wametembea kwa miguu kutwa nzima huku wao wanataka kujificha. Martin Luther King, mchungaji wa miaka 26 na bado mgeni mjini, akajibu kwamba yeye si mwoga. Mkutano huohuo ukamchagua kuwa kiongozi.

Kisa hiki kinanigusa kila nikikikumbuka, kwa sababu simulizi tuliyoizoea inaanza King akiwa tayari mimbarini na umati mbele yake. Kilichomfikisha pale husahaulika, na ndipo dhana nyingi potofu zinapozaliwa.

Dhana: Wachungaji ndio walioanzisha mgomo wa mabasi

Rosa Parks, mwanamke Mweusi aliyekataa kumpisha mzungu kiti basini, alikamatwa jioni ya tarehe 1 Desemba. Usiku uleule Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo na kiongozi wa baraza la kisiasa la wanawake wa Montgomery, aliingia chuoni kwake akachapa makumi ya maelfu ya vipeperushi kwa mashine ya kurudufu. Kulipokucha, wanawake wenzake wakaanza kuvisambaza. Wachungaji walipokutana jioni yake, mji mzima ulikuwa umeshasikia.

Hali ikawa hivyohivyo mwaka 1957, King na wenzake walipounda SCLC, jumuiya ya viongozi wa Kikristo wa majimbo ya Kusini. Aliyeisimamisha ofisi yake Atlanta ni Ella Baker. Alikaimu ukurugenzi, kazi akaifanya, lakini cheo chenyewe walipewa wachungaji. Sioni namna ya kuwaheshimu wachungaji hawa bila kulitaja hilo.

Dhana: Makanisa yakawa kitovu kwa sababu ya imani peke yake

Imani ilikuwepo, tena kubwa. Lakini tazama pia mkate wa kila siku. Mwalimu Mweusi alilipwa na serikali ya wazungu. Mfanyakazi wa ndani alilipwa na bibi mzungu. Septima Clark, mwalimu wa Charleston, alifukuzwa kazi mwaka 1956 kwa kuwa mwanachama wa chama cha haki cha NAACP tu. Mchungaji Mweusi alilishwa na sadaka za waumini wake, kwa hiyo hakuna mzungu aliyeweza kumwachisha kazi kwa kalamu.

Na kanisa lilikuwa na vitu: ukumbi, mfuko, orodha ya watu. Mgomo wa Montgomery ulidumu siku 381 kwa sababu watu walisafirishwa. Makanisa yalinunua magari na kuyasajili kwa majina yao, na kampuni za bima zilipofuta bima zao, walikwenda kuipata kwa Lloyd's ya London. Hesabu hizi nazo zilikuwa sehemu ya huduma.

Dhana: Kanisa la Weusi lote lilikuwa nyuma ya King

Hapa ndipo wengi hushtuka. Joseph H. Jackson aliongoza umoja mkubwa kuliko yote wa Wabaptisti Weusi, na alipinga waziwazi maandamano na kuvunja sheria makusudi. Mwaka 1961 upande wa King ulijaribu kumwondoa, ukashindwa, na wapinzani wake wakajitenga kuunda umoja mwingine. King alipouawa mwaka 1968 na Chicago ikaipa barabara inayopita mbele ya kanisa la Jackson jina la King, Jackson alihamishia anwani ya kanisa kwenye mtaa wa pembeni.

Chini yake walikuwepo wachungaji wengi wasiokuwa na msimamo wowote ila woga, na woga huo siwezi kuudharau. Mchungaji George Lee wa Belzoni, Mississippi, aliandikisha Weusi kupiga kura. Mei 1955 alipigwa risasi akiwa garini mwake, akafa. Fred Shuttlesworth wa Birmingham alilipuliwa nyumba usiku wa Krismasi mwaka 1956 akiwa kitandani. Alitoka hai katika kifusi, na kesho yake akawaongoza watu kupanda mabasi na kukaa viti vya mbele. Watu wa aina hiyo ni wachache popote.

Dhana: Wale wanane walioandikiwa barua kutoka jela walikuwa wabaguzi sugu

Aprili 1963 King aliandika barua yake maarufu akiwa jela Birmingham, akiwajibu viongozi wanane wazungu wa dini, miongoni mwao maaskofu na rabi mmoja. Hawakuwa marafiki wa Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi. Walijiona watu wa kadiri. Waliwataka Weusi wasubiri na kuacha maandamano. Ndiyo maana barua ile inachoma: inamlenga mtu mwema anayesema si wakati wake. Mmoja wao, mchungaji Earl Stallings, King alimsifu ndani ya barua hiyohiyo kwa kuwaruhusu Weusi kuingia ibadani kwake. Mwingine, askofu Mkatoliki Joseph Durick, baadaye akiwa Tennessee aligeuka mtetezi wa wazi wa haki za Weusi.

Dhana: Waliokaa kando walifuata kanuni ya kutochanganya dini na siasa

Machi 1965 mhubiri Jerry Falwell wa Virginia alihubiri kwamba wachungaji hawakuitwa kuwa wanasiasa. Mwaka 1979 mtu huyohuyo alianzisha Moral Majority, kundi la Wakristo la kushawishi uchaguzi.

Dhana: Selma iliwaunganisha watu wa dini zote

Kwa sehemu, ndiyo. Baada ya polisi kuwapiga waandamanaji darajani mjini Selma, Alabama, tarehe 7 Machi 1965, King aliwaita viongozi wa dini nchi nzima, nao wakaja kwa mamia. Rabi Abraham Joshua Heschel aliandamana, na baadaye akaeleza kwamba alihisi miguu yake inasali. Sista Antona Ebo, mtawa Mweusi kutoka St. Louis, alisimama mbele ya waandishi wa habari na kusema amekuja kutoa ushuhuda. Lakini askofu mkuu Mkatoliki wa Mobile aliwakataza mapadre na watawa kuandamana, na padre Maurice Ouellet aliyewasaidia waandamanaji pale Selma akaondolewa mjini.

James Reeb, mchungaji mzungu kutoka Boston, alipigwa rungu tarehe 9 Machi, akafariki siku mbili baadaye. Rais Lyndon Johnson alimpigia simu mjane wake, na tarehe 15 aliliambia Bunge kwamba mtu mmoja mwema, mtu wa Mungu, ameuawa.

Lakini hakuwa mmoja. Mwezi uliotangulia, mjini Marion karibu na Selma, Jimmie Lee Jackson, Mweusi wa miaka 26, alipigwa risasi na askari wa jimbo wakati polisi walipoyavunja maandamano kwa marungu. Alifariki tarehe 26 Februari, na kifo chake ndicho kilicholeta wazo la kuandamana kutoka Selma. Alikuwa shemasi wa kanisa la Kibaptisti. Askari aliyemuua alikiri kosa la kuua bila kukusudia mwaka 2010, akahukumiwa miezi sita.