"Piga! Piga!": Dhana Zinazowaharibia Watoto Shabaha

Ukisimama jioni pembeni ya uwanja wa shule ya msingi, mafunzo ya kufunga mabao utayasikia kwa neno moja: "Piga!" Dogo anapiga, mpira unapita juu ya mtambaa panya, unaishia kwenye mihogo ya watu, kocha anashika kichwa. Anachosahau kocha ni kwamba mtoto amefanya alichoambiwa.

"Shuti zuri ni shuti kali"

Mtoto wa miaka kumi akitumia nguvu zake zote, kichwa kinainuka, bega linarudi nyuma, na mpira unakwenda unakotaka wenyewe. Lango la watu wazima lina upana wa mita 7.32. Ndani ya boksi, mpira uliosukumwa kwa upande wa ndani wa mguu hadi kwenye kona unamshinda kipa bila kishindo chochote. Lakini na sisi tusipitilize upande wa pili. Shuti la taratibu na shuti kali hayapigwi kwa mwendo uleule wa mwili, kwa hiyo anayezoea kusukuma tu naye atababaika siku atakayotakiwa kuachia kombora. Mwanzishe na nguvu kiasi, akishapata kona anayoitaka, muongeze kidogo kidogo.

"Mpira umepaa kwa sababu hukuinama"

Hii ndiyo inayorudiwa kuliko zote, na ina ukweli nusu. Dogo anainama kama anayetafuta shilingi iliyodondoka, na bado anapaisha. Tazama mguu wa kusimamia, siyo mgongo. Ukitua nyuma ya mpira, mguu wa kupigia unaufikia ukiwa tayari unapanda, unaugusa chini ya kitovu chake, na hapo lazima upae. Ukitua kando ya mpira, karibu lakini bila kuubana, ncha ya kiatu ikielekea anakotaka kufunga, mwili unajipanga wenyewe juu ya mpira. Kilichobaki ni kukaza kifundo, kugonga katikati ya mpira kwa sehemu ya kamba za kiatu, na kuacha mguu uendelee mbele badala ya kuukatisha.

Na mara nyingi kosa limeanza hata kabla ya hapo. Mguso wa kwanza umeuacha mpira chini ya tumbo, hana nafasi ya kukanyaga vizuri. Huyo hahitaji mashuti mia, anahitaji kujifunza kuusogeza mpira hatua moja pembeni kabla ya kupiga.

"Anafunga sana, basi ana shabaha"

Hapa makocha wengi tunadanganyika. Mwamba wa juu wa lango la wakubwa uko mita 2.44 kutoka chini, na kipa wa miaka tisa hata akiruka haugusi. Mjanja yeyote hugundua haraka kwamba mpira ukirushwa juu ya kichwa cha kipa ni bao. Anasifiwa, anapewa jezi namba tisa. Miaka michache baadaye makipa wamerefuka na mabao yamekauka, watu wanasema dogo "amerogwa". Hakurogwa; alikuwa na njia moja tu, nayo imezibwa. Pangeni lango dogo la mawe au vijiti, na bao lihesabiwe likipita chini ya goti tu.

Mpira nao uangaliwe. Ule wa saizi namba 5, wa wakubwa, una uzito wa gramu 410 hadi 450 na ni wa kuanzia takribani miaka 13. Kumpa wa miaka tisa "ili mguu ukomae" ni kumfundisha kuusukuma kwa kiuno. Namba 4, ulio mdogo zaidi, ukikosekana, mpira wa matambara si haba.

"Dochi ni aibu"

Ronaldo wa Brazil aliifunga Uturuki kwa dochi, yaani shuti la ncha ya kiatu, kwenye nusu fainali ya Kombe la Dunia 2002. Dochi halimpi kipa muda wa kusoma mguu. Ubaya wake ni kwamba ncha ni ndogo, ukikosea kidogo mpira unakwenda kando. Liwe la dharura, mbele ya lango.

"Wapange mstari, kila mmoja apige"

Watoto ishirini, mpira mmoja, kocha anatenga, wanapiga kwa zamu. Anayesubiri hajifunzi chochote isipokuwa kumcheka aliyekosa. Anayepiga naye anapata mpira uliotulia, mahali palepale, hana beki mgongoni. Kwenye mechi hali hiyo haipo, isipokuwa penalti.

Wagawe watatu watatu, malango madogo kadhaa, uwanja mfupi kiasi kwamba kila pasi ya pili inazaa nafasi ya kufunga. Mpira utawajia ukidunda, ukitoka kushoto, beki akiwa ameshika jezi. Watakosa sana wiki za mwanzo, na wazazi walioko pembeni wataona mazoezi yameharibika. Waombe wavumilie, na waombe pia wasipige kelele dogo akiwa na mpira mguuni: wakati huo anatakiwa kumtazama kipa, siyo baba yake.