Diwani hana fungu la kata

"Mwalimu, pesa za kata ulizipeleka wapi?" Swali hili, mimi mwalimu niliyekuwa diwani, nimeulizwa mwaloni, nimeulizwa misibani, na sasa ameniuliza mwalimu mwenzangu anayejiandaa kuchukua fomu ya udiwani. Mvuvi akiniuliza namwelewa. Mwalimu anayetaka kiti chenyewe, hapana.

Hakuna pesa za kata. Kata ina ofisi, ina mtendaji, ina Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo diwani ni mwenyekiti na mtendaji ni katibu. Hazina haina. Fedha ziko halmashauri, na diwani hasaini malipo. Ule mfuko wa kuchochea maendeleo mnaousikia ni wa jimbo, kamati yake inaongozwa na mbunge.

Barabara za mitaa ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Maji mjini ni MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza; vijijini ni RUWASA, wakala wa maji vijijini. Kodi ya majengo ilipelekwa TRA, mamlaka ya mapato, mwaka 2016, na tangu 2021 mnakatwa kwenye LUKU, mnaponunua umeme. Ruzuku ya elimu bila malipo inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Ajira mpya za walimu zinaamuliwa serikali kuu. Diwani anaweza kuyapigia kelele yote hayo. Kuyaamua hawezi.

Sasa kazi yake ni nini? Chukua boma la madarasa, jengo ambalo halijaisha. Wananchi wamechanga, mchanga umesombwa, kuta zimefika lenta, fedha zimekata. Mbuzi wanalala ndani na mvua inakula tofali. Akija diwani mkutanoni akaahidi bati, atapigiwa makofi, na boma litabaki vilevile. Boma linasogea likianzia mkutano wa mtaa, likaingia kwenye muhtasari, likapita kamati ya kata, likapata makisio ya mhandisi, likashindanishwa na maboma ya kata nyingine ndani ya ukomo wa bajeti, likapita kamati ya fedha, na baraza likapitisha kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai Mosi. Ukikosa hatua moja, subiri mwakani.

Na likishaingia kwenye kitabu cha bajeti, fedha bado hazijaja. Mapato ya ndani ya halmashauri zetu za kando ya ziwa yanategemea ushuru wa samaki na dagaa, vibanda vya soko, leseni, na ushuru wa huduma, ule unaotozwa kwenye mauzo ya biashara. Katika hayo, asilimia 10 kisheria ni mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Dagaa wakiadimika, boma nalo linasimama.

Kwa hiyo udiwani uko kwenye kabrasha, lile rundo la taarifa za kikao cha baraza. Linakuja siku chache kabla ya kikao, nene, majedwali yamebanana. Tafuta safu tatu: kilichoidhinishwa, kilichopokelewa, kilichotumika. Utakuta mradi umeandikwa "unaendelea" robo ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kwenye kilichopokelewa ni sifuri kote. Hapo ndipo pa kunyoosha mkono. Taja ukurasa, taja shule, uliza, na uhakikishe swali limeingia kwenye muhtasari. Likiingia, kikao kijacho litarudi kwenye yatokanayo, ajenda ya mambo yaliyobaki kikao kilichopita, na mkurugenzi wa halmashauri atalazimika kulijibu. Hotuba hairudi kwenye yatokanayo.

Ndiyo maana inaniudhi nikisikia walimu wanafaa siasa kwa kuwa wanajua kuongea. Watu wanamtaja Magufuli, aliyefundisha kemia na hisabati Sengerema Sekondari. Haya, kumbukeni alipokuwa waziri wa ujenzi alisifiwa kwa lipi: kutaja kilomita na gharama za barabara bila karatasi. Hizo ni tarakimu. Mwalimu aliyezoea kusahihisha rundo la madaftari usiku, bila kuruka hata moja, ana kitu ambacho baraza linakihitaji kuliko sauti yake.

Lipo linalonisumbua mpaka leo. Wajumbe wengi wa kamati yangu ya kata niliwafundisha. Hawakuniita Mheshimiwa, waliniita Mwalimu, na hoja zangu zilipita upesi mno. Sina hakika kama walikubali au waliona haya kunibishia. Aliyenipinga waziwazi alikuwa mama mmoja muuza dagaa. Alikataa tuombe madarasa mapya wakati watoto wa kike wanapanga foleni chooni mapumziko yote. Mwongozo ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Tulikuwa mbali sana na hapo. Vyoo vikatangulia. Nahofia hoja kama hiyo huzimwa mara nyingi pale mwenyekiti anapokuwa mwalimu wa watu wote.

Mwalimu mwenzangu, mikutano ya baraza ni ya wazi. Nenda robo hii, ukae nyuma, usikilize mpaka mwisho. Mwombe diwani wako akuonyeshe kabrasha, utafute shule yenu kwenye jedwali la miradi. Andika swali ambalo ungeliuliza, uniletee tulijadili.