Je, wajua kwa nini rangi hubanduka kwenye mtungi wa plastiki lakini hung'ang'ania bati kuukuu?

Ukipita mitaa ya Nakuru ama Kisumu sai utaiona karibu kila ploti: ule mtungi wa njano wa lita 20 uliokuwa wa mafuta ya kupikia, umekatwa juu, ukatobolewa chini maji yapite, ukapakwa bluu na pinki alafu ukapandwa maua na kuwekwa kwa ngazi. Unapendeza kweli. Kisha mvua zinapiga, mtoto anapitisha kucha pale ukingoni, na ile bluu inatoka ganda zima zima na njano inarudi. Pembeni yake kuna debe la bati la kitambo, limepakwa rangi ileile kutoka kopo lilelile, na limetulia tu.

Muulize jirani, muulize fundi, atakwambia rangi ilikuwa feki. Ama muuzaji aliizimua na thina. Na rangi mbovu ziko, hakuna anayekataa, lakini hebu angalia tena lile debe: rangi feki ingebanduka kwa debe pia. Kopo ni moja, brashi ni moja, siku ya kupaka ni moja, sasa ufeki umejuaje mahali pa kukaa?

Mwingine atalaumu jua. Hii ina ukweli nusu, manake Kisumu na Nakuru ziko karibu kabisa na ikweta na Nakuru iko juu zaidi ya mita 1,800, kwa hivo jua la huko si la mchezo. Ila kazi ya jua kwa rangi inajulikana vile hufanana. Nyekundu inapauka inakuwa kama waridi, nyeupe inatoa unga unaobaki kwa kidole ukiigusa, rangi inazeeka kutoka juu kwenda chini. Jua halianzi kwa kuinua ganda zima likiwa bado linang'aa.

Alafu kuna wale wa "ungepaka koti tatu". Hawa ndo wanaumiza kabisa. Rangi ikikauka hujikunyata, na kadiri tabaka linavyokuwa nene ndivyo linavyojivuta kwa nguvu zaidi kutoka pale lilipokaa, kwa hivo kama mshiko ulikuwa dhaifu umeongezea kitu cha kuung'oa. Koti tatu juu ya plastiki tupu hutoka vizuri kuliko koti moja, yaani vizuri kwa maana mbaya.

Ukitaka kumaliza ubishi, okota hilo ganda lililoanguka uligeuze. Watu huangalia upande wa rangi wakalitupa, na habari yote iko mgongoni. Kama mgongo ni laini, unang'aa, na pale lilipotoka kwa mtungi pamebaki safi kama hapajawahi guswa, basi rangi yenyewe haikuvunjika mahali popote, iliachilia tu. Lakini kama mgongoni ni unga na kwa chombo pia kumebaki rangi, hapo rangi imepasuka katikati yake yenyewe, na hapo sasa unaweza kumlaumu muuzaji. Kwa mitungi ya njano mara nyingi utakuta mgongo laini, hata ile mikwaruzo midogo ya mtungi imechapishwa hapo nyuma.

Kwa hivo swali si rangi ina shida gani, ni plastiki inakataa nini. Hapa twende jikoni kwanza, tuchukue jani la sukuma wiki bichi, lile la kutoka shamba ambalo bado lina ule ukungu wa kijivu. Limwagie maji. Maji hayatandai, yanajikunja matone na kuteleza, unalitikisa jani linabaki kavu. Ule ukungu ni nta. Na nta ya sukuma, sehemu kubwa yake, ni minyororo ya kaboni na haidrojeni peke yake, ile inayoongoza ikiwa na kaboni 29 zimepangana kwa mstari. Kwa mnyororo wa aina hiyo hakuna ndoano: hakuna oksijeni, hakuna kitu chenye chaji ya kuvuta maji yaje yakae. Maji yakiangalia jani na yakijiangalia yenyewe, yanachagua kushikana yenyewe.

Sasa plastiki ya huo mtungi ni polithini ngumu (pindua chini, uangalie ile pembetatu ya mishale, mara nyingi ina namba 2), na polithini ni nini? Minyororo ya kaboni na haidrojeni peke yake. Tofauti ni urefu tu, kaboni maelfu badala ya 29. Kikemia umepaka rangi jani la sukuma la lita 20. Ni haki niseme jani lina ujanja wa ziada, ile nta imesimama vijitivijiti vidogo sana ndo maana maji yanakimbia vile, na mtungi hauna hivo vijiti, lakini tabia ya kukosa ndoano ni ileile.

Wanaopima haya mambo wana namba zake. Maji yanajivuta kwa nguvu ya kama 72, kwa kipimo cha milinyutoni kwa mita, na uso wa polithini unaweza kuvuta kama 31 hivi. Ndo maana matone. Rangi ya mafuta iko chini ya maji kwa mbali, kwa hivo hiyo hutandaa fresh kabisa, na hapo ndo mtego ulipo: unaona imetandaa laini unafikiri imeshika, kumbe kutandaa ni kitu moja na kushika ni ingine. Imelala juu ya plastiki, haijaingiana nayo.

Viwanda vilijua hii shida zamani kwa sababu chupa za sabuni na losheni za plastiki hii lazima zichapishwe maandishi. Dawa yao ni ya ajabu kidogo: wanapitisha chupa kwenye moto. Haiyeyuki, inapita haraka sana kwenye moto wa bluu, na huo moto unabandika oksijeni juu ya ile minyororo. Ndoano zimepatikana. Uso unapanda kutoka ile 31 kuelekea 40 na zaidi na wino unashika. Macho hayaoni tofauti yoyote, lakini ukimwaga maji hapo yanatandaa badala ya kujikunja. Ni kama umepangusa nta ya sukuma bila kugusa jani.

Kuna watu hujaribu hii nyumbani na tochi ya gesi. Inawezekana, lakini uso uliochomwa hauwi hivo milele, ndoano hupungua kadiri siku zinavyoenda kwa hivo rangi hupakwa mapema, na moto ukikaa mahali sekunde za ziada mtungi unajikunja ukabaki na sanamu usiyoiagiza. Na mtungi uliowahi kubeba petroli, dizeli ama thina usiusogeze karibu na moto hata kama umeuosha na kuuanika, mvuke unabaki ndani na unaweza kulipuka.

Na msasa? Kila fundi atakwambia piga msasa. Unasaidia, unatoa mng'ao na unaipa rangi mitaro ya kujishikilia, ila kwa polithini mitaro bila ndoano ni nusu kazi. Kwa mti na chuma msasa ni mfalme, kwa mtungi ni msaidizi. Kitu kinachofanya kazi zaidi ni ile praima ya plastiki ambayo wanaopiga sprei magari hutumia kwa bampa, manake bampa nyingi ni polipropilini, ndugu wa damu wa polithini na msumbufu vilevile. Kabla ya yote hayo osha na maji moto na sabuni, huo mtungi ulikuwa na mafuta, na mafuta ya kupikia hayaishi kwa suuza moja.

Bati sasa. Hapa kuna kitu inapendeza: bati jipya la mabati, lile linalong'aa, ni gumu kupaka kuliko lililozeeka. Juu yake kuna zinki, na rangi ya mafuta ikikaa juu ya zinki mbichi huanza kugeuka sabuni polepole pale zinapokutana, sabuni kweli kweli ya kikemia, na rangi inaelea. Bati likikaa nje miaka, zinki inajivika ganda la kijivu lisilong'aa, na hilo ndo hupokea rangi vizuri zaidi. Kwa hivo lile debe kuukuu, kama ni la mabati ya zinki, lilikuwa limejiandaa lenyewe kwa mvua na jua, mwenyewe akidhani limeharibika. Ila kama lina rangi ya kitambo sana usilipige msasa likiwa kavu, rangi za zamani zingine zilikuwa na madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu, na huo vumbi si wa watoto. Lowesha kwanza.

Chupa ya glasi hufanya kinyume cha mtungi, inapenda rangi vizuri siku ya kwanza, shida ni kwamba inapenda maji zaidi, ukiosha maji yanapenya chini ya rangi na kuisukuma nje. Mimina rangi ndani ya chupa badala ya nje, izungushe itandae, geuza chupa ikauke, alafu weka maua makavu.

Tairi ndo sugu. Mtengenezaji aliweka ndani nta na dawa za kuzuia mpira usipasuke, na hizo huendelea kutoka nje polepole miaka yote, kwa hivo nyeupe uliyopaka kwa tairi la maua inageuka kahawia kutokea ndani. Hiyo hata koti kumi hazizuii.

Kuna wengine waliamua kuachana na brashi kabisa. Ile jahazi ya Flipflopi iliyojengwa Lamu kwa plastiki iliyotupwa na kuzinduliwa 2018, ambayo ilifika Kisumu 2021 ikazunguka Ziwa Victoria, iko na rangi kuliko matatu za Kisumu na haijapakwa. Ubavuni ni vipande vya sandals kuukuu, kama 30,000, kila kimoja na rangi yake ya kiwandani iliyochanganywa ndani ya plastiki yenyewe. Hapo hakuna cha kubanduka manake hakuna kilichobandikwa. Kwa mtungi pia inawezekana, kata vipande vya njano, vya bluu na vya nyekundu kutoka mitungi na ndoo tofauti, toboa, shona na waya, utapata kapu la madoadoa. Kisu kiwe kikali na ukate plastiki ikiwa imekaa juani kidogo, ikipata joto inakatika bila kukupasukia.