Alaimenti ni kunyoosha, siyo kutibu miguu

Juzi nimekaa gereji moja huku Arusha nasubiri bushi zangu, akaingia kaka mmoja na Land Cruiser ya zamani, hadtopu ya springi za bapa mbele na nyuma, anamwambia fundi, "Mkuu, hii gari nimeipiga alaimenti mara tatu mwezi huu, inakataa." Fundi hata hajainama kuangalia chini, anamjibu labda mashine ya kule siyo nzuri, jaribu pale pengine. Hii kauli ya gari kukataa alaimenti naisikia karibu kila wiki na kila nikiisikia inaniuma, maana yule kaka alikuwa anaenda kulipa mara ya nne kwa kitu ambacho hakina kosa, na chenye kosa kipo palepale kinazidi kuchakaa.

Alaimenti ni kupima na kurekebisha tairi zinaelekea wapi. Basi. Ni mambo ya pembe tu: ukitazama kutoka juu tairi za mbele zimebana kwa mbele au zimefunguka, ukitazama kutoka mbele zimelala ndani au nje, ukitazama ubavuni ule mhimili ambao tairi inageukia umelala nyuma kiasi gani. Ya kwanza mafundi wanaita toini, ya pili kemba, ya tatu kasta. Alaimenti haikazi kilicholegea na haibadilishi beringi, hiyo ni kutibu miguu, yaani jointi, bushi na beringi zinazoshika tairi.

Na neno lenyewe linasema, ukilisikiliza. Waingereza wamelitoa kwa Wafaransa, kwao ni kupanga vitu kwenye mstari, na Wafaransa wamelirithi kutoka Kilatini, linea, ambayo kabla ya kuwa mstari ilikuwa uzi, uzi wa kitani, kwa sababu kitani chenyewe Kilatini ni linum. Kwa hiyo ukichimba mpaka chini alaimenti ni uzi. Sasa kamwangalie fundi mwashi anavyofanya, anapigilia kijiti huku na kijiti kule, anavuta uzi, anapanga tofali kwa kuufuata. Uzi unamwonyesha tofali lililotoka nje ya mstari, ila uzi haushiki tofali, na kama udongo wa chini unatitia anaweza kuvuta uzi asubuhi na jioni ukuta bado utapinda. Na siyo mfano tu, mafundi wa zamani alaimenti walikuwa wanaifanya kwa uzi kweli, unavutwa kutoka tairi ya nyuma mpaka ya mbele, au wananyanyua tairi, wanaizungusha huku wamegusisha ncha ya msumari katikati ya meno ichore mstari, wanashusha gari, wanaisukuma mbele kidogo ikae sawa, halafu futi ya mkanda, wanapima mstari kwa mstari upande wa mbele na upande wa nyuma wa tairi, kwenye kimo cha habu, yaani kitovu cha tairi. Namba ya mbele ikiwa ndogo, tairi zimebana. Mpaka leo kwa ekseli nzima njia hiyo inatosha kabisa, huna haja ya mashine ya leza.

Nimesema ekseli nzima na hapa ndo watu wengi wanapoteana. Hadtopu, Land Cruiser 80, Land Rover Defender, Patrol za zamani, hizi mbele zina ekseli moja ndefu ya chuma kutoka tairi hadi tairi, siyo kama Noah au RAV4 ambako kila tairi ina mkono wake. Kwenye ekseli nzima kitu pekee unachorekebisha kwa spana ni toini, unalegeza tairodi, ile fimbo ya chuma inayounganisha tairi mbili za mbele, unaizungusha, unakaza. Kemba haina nati, ikitoka basi ekseli imepinda au kuna kitu kimekwisha. Kasta nayo haina nati, inabadilika pale mtu anapoinua gari kwa springi ndefu ili ipite korongoni vizuri, ekseli inazunguka kidogo, kasta inapungua, ghafla gari inatangatanga barabarani na stelingi hairudi yenyewe ukishakata kona. Dawa yake kwa springi za bapa ni kabari kati ya springi na ekseli, kwa springi za koili ni bushi za pembe, zile ambazo tundu lake halipo katikati. Mashine itakuandikia nyekundu kwenye karatasi ila chalii wa mashine hana pa kuweka spana. Halafu toini yenyewe siyo moja kwa gari zote, Land Cruiser inataka tairi zibane kidogo mbele, Defender inataka zifunguke kidogo, kwa hiyo anayezipanga zote kwa mazoea ya gari moja atakuwa ameiharibu nyingine.

Balansi nayo watu wanaichanganya humohumo, sitakaa nayo sana. Balansi imetoka kwenye Kilatini cha sahani mbili, yaani mizani. Ni uzito, vile vipande vya madini ya risasi kwenye rimu. Stelingi ikitetemeka spidi fulani tu, tuseme 90, halafu ukipita inatulia, hapo kumbuka balansi kwanza. Gari ikila tairi upande mmoja huku miguu yote imekaza, kumbuka alaimenti.

Ila ule mtetemo wa hizi gari zetu za zamani, wa kukanyaga kiraka kidogo cha lami halafu stelingi inaanza kupiga kushoto kulia kama inataka kung'oka mkononi, mpaka ushuke karibu na kusimama ndo inaacha, huo siyo uzi wala mizani. Mimi umenipata narudi Arusha kutoka Moshi, nimeshapita Boma Ng'ombe, spidi kama 70, na nyuma yangu lori. Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimeshafanya alaimenti mara mbili na nimefungiwa shokapu mpya ya stelingi, ikatuliza kama wiki mbili hivi. Shokapu ile kazi yake ni kumeza mitikisiko midogo, ukiifunga mpya juu ya miguu iliyochoka inaficha ugonjwa tu. Aliyenisaidia ni mzee mmoja fundi wa Moshi, hakugusa mashine yoyote. Alipiga jeki ekseli, akashika tairi juu na chini, akaitikisa, ikacheza. Akaniambia kanyaga breki uishikilie. Akatikisa tena, bado inacheza. Akasema beringi ya habu siyo yenyewe, kwa sababu breki imeshaifunga habu na nako, lile kono la chuma linalobeba habu na kugeuka na stelingi, kwa hiyo kinachocheza kipo nyuma yake, ni kingpini, pini ambayo nako inageukia.

Alipofungua nilielewa kwa macho. Kwenye hizi Land Cruiser kingpini siyo pini ndefu kama ya malori ya zamani, ni vipini viwili vifupi, juu na chini ya lile tufe la mwisho wa ekseli, kila kimoja na beringi yake ya koni. Kutoka kwenye tufe ilimwagika supu nyeusi, maana oili sili ya ndani ilikuwa imekufa na oili ya difu ilikuwa imeingia kwenye grisi na kuilainisha yote. Akaifuta bakuli ya beringi ya chini kwa kitambaa cha petroli akanipa nishike. Ndani yake kulikuwa na mistari midogo imepangana, kila mmoja umeingia chini kiasi cha kushika ukucha. Akanieleza kwamba gari muda mwingi inaenda mbele moja kwa moja, kwa hiyo vile virola vinakaa palepale miaka yote na kila tuta, kila wimbi la barabara za vumbi za mbugani linavigongesha sehemu ileile mpaka vinachimba. Ndo maana stelingi ilikuwa ikifika katikati inanasa kidogo, kitu nilichokuwa naambiwa ni alaimenti.

Kurudishia ndo kazi yenyewe. Beringi mpya na bakuli zake, sili zote pamoja na ule mkanda wa felti unaofuta tufe, grisi ngumu mpya kwenye jointi ya ndani ya tufe, halafu shimu, vile vibati vyembamba vya juu na chini vinavyoweka nako katikati na kuibana kiasi chake. Hapa mafundi wengi wanafunga kwa kuhisi mkono, mzee alichukua mizani ya kuning'iniza, zile za kupimia samaki, akaikamatisha kwenye tundu la tairodi akavuta pole pole, anasoma nako inaanza kuzunguka kwa kilo ngapi, kitabu cha gari kinasema ngapi, akaondoa shimu moja nyembamba akapima tena. Nati kubwa ya habu ni ya milimita 54 na ina soketi yake, kuigonga kwa patasi ndo mwanzo wa beringi kufungwa zikiwa zimelegea au zimebanwa mno. Halafu tairodi endi mbili, zile jointi za ncha za tairodi, na dragi linki, fimbo inayoleta nguvu ya stelingi kwenye tairi, ambazo ukitaka kuzijua unaacha tairi chini, mwenzako anatikisa stelingi kidogo kidogo na wewe umelala chini umeweka vidole kwenye kila jointi, inayocheza utaisikia kabla hujaiona. Baada ya yote hayo, mwisho kabisa, futi ya mkanda na toini, dakika ishirini.

Kwa hiyo kaka yangu wa hadtopu na wengine wote, nawaomba tu, mkifika gereji msianze na jina la dawa. Mwambie fundi usukani unatetemeka, au unanasa katikati, au gari inavuta kushoto, na spidi gani. Usukani ni neno letu, limetoka baharini kwa Kiarabu, lilikuwa la chombo kabla ya kuwa la gari, na linatosha. Mwombe apige jeki atikise tairi na wewe umekanyaga breki. Akikuta kinachocheza, kitengenezwe, alaimenti mtaifanya jioni.