Roger de Quincy: kabaila wa falme mbili na mabinti watatu waliomrithi

Roger de Quincy alipofariki tarehe 25 Aprili 1264, alikuwa na vyeo katika falme mbili: Erli (cheo cha kabaila mkubwa) wa Winchester upande wa Uingereza, na Konstebo wa Uskoti, yaani msimamizi wa jeshi la mfalme wa Waskoti. Siku hizo hilo halikuwa usaliti. Kiapo cha utii kilifuata ardhi: mashamba ya kusini aliyashika chini ya Henry III, ya kaskazini chini ya Alexander III. Sharti lilikuwa moja tu, wafalme hao wasipigane.

Sehemu kubwa ya mali hiyo iliingia ukoo kwa ndoa. Babu yake, Robert, alimwoa Orabilis binti Ness, bwana wa Leuchars huko Fife. Baba yake, Saer, mmoja wa makabaila 25 waliopewa kazi ya kusimamia Magna Carta, hati iliyowekea mipaka mamlaka ya mfalme wa Uingereza, mwaka 1215, alimwoa Margaret, dada wa Erli wa Leicester aliyefariki 1204 bila mtoto. Urithi wa Leicester ukakatwa nusu kwa nusu. Nusu ya Margaret ilikuja kwa akina de Quincy, nyingine ikaishia kwa ukoo wa Simon de Montfort.

Wanaochora nasaba hii huteleza hapa. Saer alifia Damietta, Misri, mwaka 1219, lakini Roger hakushika uerli papo hapo. Ardhi ya Leicester ilikuwa haki ya mama, naye aliishi hadi 1235. Majina nayo yanachanganya: mama, binti na mpwa wa Roger wote waliitwa Margaret, kwa hiyo kila Margaret aandikwe pamoja na jina la mumewe.

Roger mwenyewe alimwoa Helen, binti wa Alan, bwana wa Galloway, kusini-magharibi mwa Uskoti. Alan alifariki 1234 akiacha mabinti watatu wa ndoa na mwana wa nje ya ndoa, Thomas. Wenyeji wa Galloway walimtaka Thomas ili nchi isikatwe vipande. Alexander II akakataa, akawapa waume wa mabinti. Roger akapata theluthi pamoja na ukonstebo. Lakini hati ya mfalme haikumletea mapenzi ya watu: mwaka 1247 walimzingira ngomeni, akajipenyeza katikati yao kwa silaha na kukimbilia kwa mfalme.

Alioa mara tatu, hakupata mtoto wa kiume. Mke wa mwisho, Eleanor, alikuwa binti wa William de Ferrers, Erli wa Derby, aliyekuwa tayari amemwoa Margaret binti Roger. Basi Margaret alikuwa mama wa kambo wa mama yake wa kambo!

Msomaji aliyezoea mirathi ya Kiislamu ataona tofauti. Kwa sheria ya Uingereza mwana wa kwanza wa kiume alichukua ardhi yote. Asipokuwapo mwana, mabinti waligawana sawasawa. Mjane hakupewa thumuni iwe yake, alipewa theluthi ya kutumia maisha yake yote, kisha ikarudi kwa warithi. Hivyo mgawanyo haukuweza kukamilika Eleanor akiwa hai. Cheo hakikugawanyika: uerli wa Winchester ulikoma katika ukoo huo. Margaret alipata Groby huko Leicestershire. Elizabeth, mke wa Alexander Comyn, Erli wa Buchan, alipata Whitwick. Helen, mke wa Alan la Zouche, alipata Brackley. Ukonstebo, ambao Margaret aliuachia, ulishikwa na Comyn. Kila mmoja alipata pia fungu lake Uskoti.

Vita vya 1296 kati ya Uingereza na Uskoti viliuvunja mpango huo. Novemba 1314, miezi michache baada ya Waskoti kuwashinda Waingereza huko Bannockburn, bunge la Robert Bruce, mfalme wa Uskoti, huko Cambuskenneth liliwanyang'anya ardhi za Uskoti wote waliokataa kumtii. Mafungu ya Zouche na Ferrers yakaenda na maji. Henry de Beaumont, aliyedai Buchan kupitia mkewe Alice Comyn, alirudi na jeshi Agosti 1332, wakashinda vita vya Dupplin Moor huko Uskoti, lakini kabla mwaka haujaisha mfalme waliyemsimika, Edward Balliol, alikuwa amefukuzwa. Akina Ferrers walibaki na Groby hadi karne ya 15, hapo nao wakaishia kwa mrithi wa kike, na ardhi ikahamia ukoo wa Grey kwa ndoa.