Mto Mirongo: Kina Kikubwa Si Maji Mengi

Simama darajani Mabatini, hapa jijini Mwanza, mwezi wa Agosti, utauona Mirongo kama mfereji tu: maji machache, meusi, yakijipenyeza kati ya chupa na mifuko. Mvua moja kubwa ya vuli ikishuka jioni, mto huohuo unaingia majumbani. Vilima vya mawe vinavyolizunguka jiji letu havinywi maji, na huku chini tumeezeka mabati na kumwaga zege, kwa hiyo mvua huteremka karibu yote kwa mkupuo. Mto mfupi namna hii hujaa kwa saa chache, tena hupungua upesi vilevile.

Wapimaji wa mito tunasoma ubao wenye alama za sentimita uliosimikwa majini. Kina peke yake hakitoshi. Tunapima pia upana na kasi ya maji, tunazidisha, tunapata mita za ujazo kwa sekunde. Tukirudia kazi hiyo kiangazi na masika, ndipo tunaweza kutazama ubao na kukadiria mtiririko.

Karibu na ziwani, mto unakoishia, makadirio hayo huvurugika. Ziwa Victoria hupata takribani asilimia 80 ya maji yake kwa mvua inayolinyeshea lenyewe. Mirongo hauliongezei chochote cha kuonekana. Ziwa ndilo linaloutawala mto. Likipanda, maji ya mto yanakosa pa kwenda, yanatuama na kurudi nyuma. Ubao unaonyesha kina kikubwa, kumbe mtiririko ni mdogo.

Na ziwa hupanda kweli. Mvua za mwishoni mwa 1961 na miaka iliyofuata zililiinua zaidi ya mita 2, likafika kilele mwaka 1964. Mwaka 2006 lilikuwa karibu mita 3 chini ya kilele hicho. Mei 2020 likarudi palepale. Aliyejenga mwaka 2006 kwenye ufukwe mkavu alikuwa amejenga ziwani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, nami nasisitiza ukingo huo utazamwe kwa maji ya 1964 na 2020, si ya kiangazi.

Mafuriko yakiacha mstari wa tope ukutani kwako, tafadhali usiufute kwanza. Upige picha, andika tarehe na saa, uipeleke ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria. Mara nyingi maji hupita usiku, mpimaji hayupo.