Baridi yabisi si dalili ya kinga dhaifu

Wengi wakiambiwa wana baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia viungo, hukimbilia dawa za "kuongeza kinga". Hilo ni kosa la hatari. Kinga yao haijapungua. Imekosea shabaha na haitulii.

Kinachoendeleza vurugu hiyo ni sitokini, protini ndogo ambazo seli hutumia kupashana habari. Tazama ndani ya kiungo cha kidole: makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu, hutoa sitokini iitwayo TNF, nayo huamsha seli za utando wa kiungo, ambazo humwaga sitokini nyingine, IL-6, na vimeng'enya vinavyomung'unya gegedu. Utando huvimba, mfupa huliwa pembezoni.

Lakini sitokini si sumu. TNF hiyohiyo husaidia kuwafungia bakteria wa kifua kikuu ndani ya vinundu mapafuni. Ndiyo maana kabla ya kuanza adalimumab, kizuizi cha TNF kinachodungwa chini ya ngozi, kwa kawaida miligramu 40 kila baada ya wiki 2, mgonjwa hupimwa kifua kikuu kilichojificha. Kipimo kikirukwa, ugonjwa uliolala unaweza kuamka.

Wala sitokini moja haina tabia ileile kila mahali: kuzuia sitokini ya IL-17 hutuliza soriasisi, ugonjwa wa magamba ya ngozi, ila kunaweza kuchochea ugonjwa wa Crohn, uvimbe sugu wa utumbo.